Baka Kwenye Mguu wa Baba Yako

Nakumbuka siku moja kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, mwanangu, na miaka yote hii nimeikwepa. Ukiniuliza habari za ujana wangu nakupeleka Kitale, dukani kwa baba yangu, nakueleza vitambaa alivyouza na jinsi nilivyoringa barabarani. Sikufikishi Ndalu nilikoolewa. Au nikikufikisha, nayaruka mavuno yale ya kwanza na kukutua kwenye Krismasi, ambapo kuna kuku na nyimbo. Leo siruki kitu.

Jana ulinitumia picha kwenye simu. Nilivaa miwani, nikaipanua kwa vidole viwili kama ulivyonifundisha. Mtoto wako amelala kwenye leso iliyotandikwa, uani kwenu hapo Bungoma, nyasi zimekatwa vizuri. Amefungwa shali la sufu mpaka kidevuni, na uso wake wote umeelekea juu. Chini umeandika, ukiniita bibi kwa Kikuyu: Cucu, anaota jua, mifupa iwe ngumu. Nilifurahi, sitasema uongo. Mtoto ni mzuri, na pua ni yangu. Halafu nikakuona wewe pembeni. Kivuli chako kilikuwa kimejikunja chini ya miguu yako, nikajua ni saa sita ya mchana. Kichwani ulikuwa na kofia pana, na machoni miwani myeusi ya jua. Nikaiweka simu mezani.

Lile baka lililopauka kwenye mguu wa kushoto wa baba yako, lile ambalo nyinyi nyote mmeambiwa ni la uji moto uliommwagikia, si la uji. Ni jua. Na aliyemwacha juani ni mimi. Haya, nimesema. Sasa tulia nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakahamia Kitale kufanya biashara, nami nilikulia kwenye kaunta ya duka, nikipima vitambaa kwa mkono. Babu yako alikuwa mwalimu. Aliponioa alinileta kwao Ndalu, kwenye shamba la mahindi, kisha yeye akarudi kufundisha Bungoma na kuja nyumbani Ijumaa. Nikabaki na mama yake, ambaye wewe ulimkuta mzee sana ukamwita Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu. Wanawake wa pale walikuwa wananicheka. Si kwa ubaya. Waliniangalia mikono, wakaangaliana. Mimi niliyeringa barabarani Kitale, mwanangu, sasa nilikuwa nachekwa kwa sababu ya jembe. Iliniuma sana.

Baba yako alizaliwa mwezi wa sita, mahindi yakiwa bado mabichi na ghala tupu, ndiyo maana Kukhu akampa jina la Wanjala, mtoto wa wakati wa njaa. Mavuno yalipofika alikuwa na miezi mitano, mnene, mwenye mikunjo kwenye mapaja kama aliyefungwa uzi.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze kidogo. Kwetu mahindi yakikomaa hukatwa pamoja na mabua yake, kisha mabua husimamishwa yakiegemeana, juu yamefungwa, chini yametanuka. Huo ni mganda. Shamba zima linajaa miganda, mistari kwa mistari, na yote inafanana. Inaachwa ikauke kwa wiki kadhaa. Halafu watu wanaingia kuvunja: unafungua mganda, unavunja mahindi, unamenya maganda, unatupa kwenye rundo. Wanawake walisaidiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Siku hiyo ilikuwa zamu ya shamba letu.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Ukungu ulifunika mpaka choo hakikuonekana. Nilimvalisha Wanjala sweta mbili, kofia ya sufu, soksi, kisha nikamfunga shali la kahawia. Kukhu alikuwa jikoni akichochea moto. Akaniambia, "Niachie mtoto. Mimi niko tu hapa napika chakula ya watu."

"Hapana Mama, nitaenda naye. Nitamlaza kwa kivuli ya mganda."

"Kivuli ya mganda inatembea, Mama Wanjala."

"Nitakuwa nikiangalia, Mama."

Akanitazama, akarudi kwenye moto wake. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Nami nilitoka nikijisifu moyoni, kwamba leo wataona msichana wa Kitale akivunja mahindi na mtoto akiwa naye hapo hapo, bila kumsumbua mtu.

Tulipofika, ukungu ulikuwa umeanza kupungua na jua lilikuwa linachomoza upande wa milima ya Cherangani. Nilichagua mganda mmoja katikati ya shamba, mbali na pale tulipoanzia ili vumbi lisimfikie, nikamlaza Wanjala kivulini. Kwa kuwa niliona miganda yote inafanana, nilifungua kitambaa changu cha kichwa, chekundu, ambacho baba yangu alinipa siku naolewa, nikakifunga juu kabisa ya ule mganda. Nikarudi nyuma hatua kumi kukiangalia. Kilionekana vizuri sana. Nilijiona mwerevu.

Kwenye mstari wangu nilipangwa pamoja na Nekesa, jirani yetu, mwanamke aliyevunja mahindi haraka mpaka usione vidole. Aliniuliza kwa sauti ili wote wasikie, "Wewe wa Kitale, utaweza hii mstari ama tukuitie mtu wa kukusaidia?" Wakacheka. Nami nikacheka, huku nimekasirika. Nikamfuata mganda kwa mganda. Maganda yalinikata vidole, sikusimama.

Saa nne ukungu ulikuwa umeisha kabisa. Nikaenda kumnyonyesha Wanjala. Alinyonya vizuri, akalala tena. Kivuli kilikuwa kimepungua lakini bado kilimtosha. Nikasema moyoni, bado kuna upepo, hakuna joto. Upepo wa kule kwetu unapoza ngozi, mwanangu, na jua linaendelea na kazi yake pale pale. Sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilikuwa nimesukwa siku mbili kabla, mistari myembamba, ngozi ya kichwa iko wazi, na jua lilikuwa linaniingia katikati ya mistari ile. Nikatazama juu. Kitambaa changu kilikuwa kinapepea pale.

Nikakifungua, nikajifunga kichwani. Nikajiambia nitakumbuka mahali.

Sijui nikueleze vipi jinsi kitu kidogo hivyo kilivyo rahisi kufanya. Hakuna aliyeniona. Haikuchukua hata nusu dakika. Nilihisi nafuu kichwani, nikarudi kumkimbiza Nekesa.

Tukafika mwisho wa mstari, tukahamia upande wa chini wa shamba. Nilikuwa nimeshampata Nekesa kabisa, tunakwenda sawa, na watu walikuwa wameacha kucheka. Mmoja aliniita "dada" kwa mara ya kwanza. Ndipo nikahisi gauni limelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yanachuruzika yenyewe. Nikashtuka. Nikauliza ni saa ngapi, wakaniambia inakaribia saa saba.

Nikaondoka nikitembea haraka, kisha nikikimbia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mganda nilioukumbuka. Hakuna kitu. Nikaenda wa pili yake. Hakuna. Nikazunguka wa tatu, wa nne. Nikatazama huku na huku, na kila nilipotazama ilikuwa ni miganda, mistari mirefu ya miganda, yote ya rangi moja, yote imesimama vile vile. Kivuli hakikuwepo popote. Jua lilikuwa juu kabisa na limeanza kuinamia upande wa pili. Nikaita, "Wanjala!" kana kwamba mtoto wa miezi mitano ataitika. Kilio sikukisikia. Wewe sasa ni mama, utanielewa nikikwambia kwamba ningetoa chochote nimsikie analia.

Wenzangu wakasikia sauti yangu wakaja mbio. Kila mtu akakimbilia upande wake, wengine wakaanza kuangusha miganda, mabua yanadondoka, nami napiga kelele wasiangushe, watamwangukia. Ilikuwa vurugu tupu. Katikati ya vurugu hiyo Kukhu akatokea na sufuria ya chakula kichwani. Akaitua chini taratibu. Sitasahau alivyoitua, kwa sababu nilitaka aitupe.

"Nyamazeni! Kila mtu asimame hapo hapo alipo!"

Wote wakasimama. Akanijia, akanishika mabega yote mawili.

"Niangalie mimi. Usiangalie shamba. Asubuhi ukimlaza, ulimweka upande gani ya mganda?"

"Upande wa kivuli, Mama."

"Kivuli ilikuwa upande gani? Jua ilikuwa inatoka Cherangani. Wewe macho yako iliona nini?"

Nikafumba macho. "Niliona mlima. Mlima Elgon. Nilimlaza upande wa mlima."

"Basi." Akawageukia wengine. "Kila mtu achukue mstari moja. Mtembee polepole, muangalie upande ya mlima peke yake, msizunguke. Na shali ni ya kahawia, inafanana na mabua, kwa hivyo muangalie chini vizuri. Twende."

Tukatembea. Nilihesabu hatua ili nisianguke. Nilikuwa naomba Mungu kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na kwa yale maneno machache ya Kibukusu niliyokuwa nimejifunza, ili asiseme hakunielewa. Kisha nikamsikia Nekesa, mbali upande wa kushoto, sehemu ambayo ningeapa sijawahi kukanyaga.

"Huyu hapa! Mama Wanjala, huyu hapa!"

Alikuwa amelala pale pale nilipomlaza, jua likimpiga mwili mzima. Alikuwa amepiga teke mpaka mguu mmoja umetoka kwenye shali na soksi imevuka. Kofia ya sufu ilikuwa imemshukia kwenye macho. Uso ulikuwa na rangi ya ajabu, midomo imekauka, na nilipomgusa alikuwa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Macho yalifunguka kidogo yakafunga. Nikataka kumkumbatia, Kukhu akaninyang'anya.

Akambeba mpaka kwenye miti ya mpakani. Akamvua kila kitu, kofia, sweta, sweta ya pili, kitambaa cha nepi. Akaniambia, "Leta hiyo ya kichwa yako." Nikafungua kile kitambaa chekundu. Akakilowesha kwa maji ya kunywa ya watu wa kazi, akampangusa mtoto shingoni, kwapani, mapajani, huku Nekesa akimpepea kwa kanga yake. Kisha akanipa nimnyonyeshe. Akakataa. Nikakamua matone kwenye midomo yake, akalamba. Nikakamua tena. Mara ya tatu akashika, akavuta kidogo, akachoka.

Trekta ya jirani ilikuwa inapita kupeleka mahindi sokoni. Tukapanda juu ya magunia, mimi, Kukhu na mtoto, Kukhu amemfunika kwa mwili wake mwenyewe njia nzima, mgongo wake juani.

Kwenye zahanati kulikuwa na mwanamume mmoja mfupi, mpole, sote tulimwita daktari ingawa nadhani alikuwa muuguzi. Alimpima, akauliza maswali, akauangalia mguu ambao ulikuwa umeanza kuvimba malengelenge. Kukhu akauliza kama apake mafuta ya kupikia. Daktari akasema hapana, mafuta yoyote yasiguse hapo, na malengelenge yasipasuliwe. Kisha akaziona zile sweta mkononi mwangu.

"Hizi zote alikuwa amevaa?"

"Kulikuwa na baridi asubuhi," nikasema.

"Asubuhi ndiyo. Saa sita je? Mama, jua lilimchoma mguu, lakini nguo ndizo zilizompika. Ni kama kiazi kwenye sufuria iliyofunikwa." Hakusema kwa ukali. "Na usiniambie mtoto mweusi hachomwi na jua. Nasikia hivyo kila msimu wa mavuno."

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema hivyo hivyo. Nikaufunga.

Akatuambia tuketi kwenye benchi, nimnyonyeshe kidogo kidogo, naye atakuwa akija kumwangalia. Akasema jambo moja tu atakalolifurahia ni mtoto akikojoa, ndipo atajua maji yamemrudi mwilini. Tukaketi. Jua likazidi kuinama. Nilimweka Wanjala mapajani bila nepi na kumtazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Alikuja daktari mara moja, akaja mara ya pili, akatikisa kichwa, akaenda.

Halafu nikahisi joto. Likaenea kwenye gauni, likachuruzika mpaka kwenye viatu vyangu vya Kitale.

"Amekojoa," nikasema. Kisha nikapiga kelele, "Amekojoa! Mama, amekojoa!"

Kukhu aliruka kutoka kwenye benchi kama msichana. Akapiga vigelegele ndani ya zahanati, wagonjwa wakageuka, daktari akaja mbio akiwa na kalamu mdomoni, na alipoona gauni langu akaanza kucheka. Wanjala akashtuka na kelele zile akalia. Kilio kikubwa, cha hasira, cha mtoto mzima. Sijawahi kusikia muziki wowote wa kanisani uliokipita. Nililia mpaka kamasi. Nilikuwa nimelowa, nanuka mkojo, nimekatwa vidole vyote, na nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Ndalu.

Tulipotulia, Kukhu akakikunja kile kitambaa chekundu juu ya goti lake. Nikajua wakati umefika. Nilimweleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba nilikuwa nimekifunga pale kama alama kisha nikakichukua. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Jua ilipokuuma kichwa, ulikumbuka kitambaa iko wapi."

"Ndiyo, Mama."

"Na yeye ikimuuma, atakumbuka nini? Ako na mikono ya kujifunga?"

Nikamfuta Wanjala jasho la shingoni.

"Mimi sikukasirikii kwa sababu jua ilikuuma. Jua inauma kila mtu. Ilipokuuma, hiyo ilikuwa ni yeye anakuita. Hukusikia tu." Akaniwekea kitambaa mkononi. "Sasa umesikia. Imeisha. Mimi sitasema tena, na wale wa shamba nitawaambia wasiseme."

Naye hakusema tena mpaka alipofariki. Babu yako nilimwambia Ijumaa ile. Aliomba amshike mtoto. Nekesa alikuwa rafiki yangu mpaka uzeeni, akaniita Mama Wanjala, hakuniita tena wa Kitale. Lakini baba yako alipofika miaka minne akaniuliza, "Mama, mguu wangu ulifanya nini?" Niliona aibu, nikasema uji. Na uongo ukisemwa kwa mtoto unakaa. Nikaulisha miaka yote hiyo.

Jana jioni, kabla ya kuanza kukueleza wewe, nilimpigia simu. Nikamwambia yote. Nikangoja. Kisha nikasikia anacheka, unajua anavyocheka, mpaka anakohoa.

"Sasa Mama, si ungesema mapema bana! Mimi nimeogopa uji moto maisha yangu yote, ati kumbe uji haikunifanyia kitu?"

Nikacheka naye. Nilipokata simu nilihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa ameuzoea mpaka akasahau ni mzigo. Nililala vizuri. Baba yako ana kipara sasa na kofia haimtoki kichwani, na ni mimi niliyemzoesha.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Mifupa ya mtoto naijali kama wewe. Kama kliniki wamekwambia aone jua, basi liwe la asubuhi, likiwa bado laini, dakika chache, kisha mrudishe ndani, na waulize tena huko kliniki usikie kwa masikio yako badala ya kuokota kwenye simu. Jua la saa sita si lake. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, mtoto awe ndani au chini ya kitu kinachofunika kweli. Usidanganywe na upepo wa huku kwetu, wala na mawingu, wala na wanaokwambia ngozi yetu haina shida. Mvalishe nguo nyepesi ya pamba inayofunika mikono na miguu, na kofia yenye ukingo mpana. Ile ya sufu ni ya alfajiri, jua likitoka nayo itoke. Mguse shingoni mara kwa mara, kukiwa na joto au jasho, mpunguzie nguo. Usimfunike uso kwa shali zito ukidhani umempa kivuli. Ukitaka kupanda bodaboda naye mchana, afadhali usipande, ngoja jua lipoe. Usimwache kwenye gari hata kama unaingia dukani kununua kiberiti tu. Yale mafuta ya kuzuia jua wanayouza madukani, kwa mtoto mchanga hivi usimpake mpaka muuguzi akubali. Mnyonyeshe mara nyingi. Na ukimlaza kivulini, kumbuka kivuli kinatembea, hivyo nawe utembee nacho, au mpe mtu unayemwamini na umwambie wazi yuko wapi. Kukubali kusaidiwa hakutakupunguzia kitu. Mimi nilikataa, na nimekueleza.

Nimemtuma binamu yako akuletee kofia ndogo niliyoshona. Ni nyekundu. Nadhani unajua nimeikata kutoka kwenye nini. Kitambaa kimechakaa lakini kilikuwa kizuri, baba yangu hakuuza takataka.

Sikukatazi kuvaa kofia yako wewe, wala ile miwani, unapendeza nayo. Lakini kila mara mkono wako ukienda kichwani kujifunika, usimame hapo hapo, umtazame yeye kwanza. Hapo ndipo anakuita.

Mungu aliyeniachia baba yako akuachie na huyu. Amkuze, ampe sauti ya kulia kwa nguvu, na mtoto akukojolee gauni lako zuri kila siku ya juma. Wala usikasirike. Simama upige vigelegele.